Kutembea kwa miguu kutoka Bujora hadi Kageye, kisha kushuka na mto Simiyu mpaka ziwani

Nyanza Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Wengi wetu tunaoishi Mwanza tumeuvuka mto Simiyu mara nyingi tukiwa ndani ya basi la Musoma au la Sirari, na kwa kawaida hatuoni zaidi ya daraja, mchanga na ng'ombe wanaonyweshwa maji. Mwezi Julai mwaka jana mimi na wenzangu watatu tuliamua kuufikia mto huo kwa miguu. Tulianzia Bujora, tukapitia Kageye ufukweni, kisha tukashuka na bonde la Simiyu mpaka mahali mto unapoingia ziwani, yaani ziwa Nyanza (Victoria). Safari ilituchukua siku nne. Naandika uzi huu kwa sababu naamini kwamba njia hii imebeba historia nzito kuliko nyingine nyingi za upande wetu wa Nyanza, na kwamba historia hiyo haionekani kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha gari. Alama zake nyingi ni vivuko, fukwe, vilima na hata aina ya udongo, na mtu huzielewa pale miguu yake inapolazimika kuchagua pa kupita kama walivyochagua wapagazi wa zamani.

Siku ya kwanza tulipanda daladala mpaka Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini, na kupanda mpaka Bujora palipo na Makumbusho ya Wasukuma. Nawashauri wote watakaofuata njia hii wasiyaruke makumbusho hayo kwa haraka ya kuanza kutembea. Yalianzishwa na padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe), aliyefanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1950 na kujifunza Kisukuma, ngoma na desturi za wenyeji kwa undani ambao ni wageni wachache waliufikia. Ndani mnatunzwa ngoma za watemi na vyombo vya kifalme, na banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kitu kilichonishika zaidi ni maonyesho ya namna Wasukuma walivyokuwa wakihesabu, kwa maana kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, kiasi kwamba mtu akianza tu kuhesabu mifugo, aliyemsikia aliweza kujua ni wa rika gani. Tulikaa mbele ya maonyesho hayo muda mrefu, na mwenzetu mmoja ambaye ni Msukuma wa Kwimba alisema babu yake alikuwa akihesabu hivyo, naye akiwa mtoto alidhani mzee anakosea.

Kutoka Bujora tulielekea kaskazini, upande wa ziwa. Hapa naomba nieleze jambo la udongo, kwa sababu ndilo lililotufundisha kusoma nchi hii. Juu, karibu na mawe makubwa, udongo ni wa kichanga na mwepesi, ule ambao Wasukuma huuita luseni, na huko ndiko waliko watu, mihogo, viazi na maembe. Unaposhuka, mchanga unapungua, ardhi inakuwa ngumu na nyasi zinabaki fupi, na mwisho unafika kwenye mbuga, yaani ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, ambako sasa kuna majaruba ya mpunga. Njia za zamani karibu zote zinapita kwenye luseni, zikizunguka mbuga badala ya kuzikata. Sisi tulitaka kufupisha, tukakata mbuga moja iliyoonekana kavu, kumbe usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha mvua isiyo ya msimu. Baada ya hatua thelathini kila kiatu kilikuwa na tope zito kama tofali, na mwenzetu mmoja aliacha soli yake humo. Mama mmoja aliyekuwa akipita kando na beseni la michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kichwani alitusimamisha, akatuonyesha kwa kidole mstari wa minyaa uliokuwa mbali kidogo, akasema, "Njia inafuata minyaa, wanangu. Haijawahi kupita hapo." Tangu saa hiyo tulifuata minyaa.

Nitaendelea na Kageye katika ujumbe unaofuata, maana nahitaji kuyaandika kwa utulivu.

Binti Magu

Ndugu Nyanza Kwetu, ahsante sana. Mimi nimezaliwa Magu na nakiri kwamba Kageye nimefika mara moja tu, tena kwa msiba. Naomba utakapoendelea utuelezee pia mlilala wapi na mliagaje vijijini, kwa sababu wengine tungependa kutembea kundi la wanawake na hatutaki kuonekana watu wa kutiliwa mashaka.

Nyanza Kwetu

Dada Binti Magu, nitakujibu hayo kabla ya Kageye, kwa kuwa ni ya msingi. Kila kijiji tulichokusudia kulala tulipeleka taarifa mapema kwa mtendaji, na tulipofika tulianza ofisini, tukaandika majina yetu kwenye daftari la wageni, kisha tukapelekwa kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye aliyetutafutia mwenyeji wa kutuongoza na nyumba ya kulala. Malipo tulikubaliana kabla ya kuondoka, mbele ya mwenyekiti, na hakuna aliyenung'unika. Kusalimia ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Ukimwambia mzee wa huko "Mwangaluka" asubuhi au "Mwadila" mchana, hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, mazungumzo yanafunguka. Kwa kundi la wanawake ningependekeza mwenyeji mwanamke, na vijijini wapo wengi wanaozijua njia vizuri zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaozitumia kila siku kwenda mnadani na kuteka maji.

Sasa Kageye. Kijiji hiki kiko kwenye ufukwe wa ghuba ambayo ramani huiita Ghuba ya Speke, na ukisimama hapo asubuhi unaona maji yanayokwenda mpaka kwenye upeo, na upande wa kaskazini unaona Ukerewe kama mstari wa bluu. Tulifika jioni, wakati wavuvi wa dagaa wanapakia karabai kwenye mitumbwi. Tarehe 27 Februari 1875 msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley ulifika hapa ukitokea Bagamoyo, ambako uliondoka tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356. Kwa hesabu yake mwenyewe walikuwa wametembea maili 720 kwa siku 103. Wapagazi hao, wengi wao Waswahili wa Zanzibar na Wanyamwezi, walikuwa wamebeba mabegani mashua nzima iliyokatwa vipande, iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo iliunganishwa hapa hapa ufukweni, na tarehe 8 Machi Stanley akatweka na mabaharia wachache kulizunguka ziwa. Aliporudi mwezi Mei alikuwa amethibitisha kwamba Nyanza ni ziwa moja kubwa, jambo ambalo wasomi wa Uingereza walikuwa wakibishania kwa miaka zaidi ya kumi.

Ila kurudi huko kulikuwa na majonzi. Frederick Barker, mmoja wa Waingereza vijana aliowaacha Kageye, alikuwa amefariki Aprili mwaka huo kwa homa na kuzikwa huko huko. Wapagazi kadhaa nao walikuwa wamekufa kwa maradhi. Jina la Barker limeandikwa vitabuni. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Nilipokuwa nimekaa kwenye mchanga ule nilijaribu kufikiria uzito wa kipande kimoja cha mashua begani mwa mtu mmoja kutoka Bagamoyo mpaka hapa, kupitia Ugogo bila maji ya kutosha, na nikaona begi langu la kilo kumi na mbili si kitu.

Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 1877, walifika wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society). Daktari wao, John Smith, alifariki hapa Mei 1877. Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huo huo, katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na Songoro, mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyekuwa na kambi hapa Kageye na aliyekuwa akijenga jahazi. Mwishoni mwa 1878 walifika Mapadre Weupe wa kwanza, na kutoka ufukwe huu padre Lourdel na bruda Amans waliondoka kwa mtumbwi kwenda Buganda, ambako walitua tarehe 17 Februari 1879. Kwa hiyo ndugu zetu wa Uganda wanaoadhimisha siku hiyo kila mwaka, safari yao ya imani ilipitia katika kijiji chetu. Na tusisahau lile lililo zito kuliko yote, kwamba misafara ya pembe za ndovu ya wakati huo ilikuwa pia misafara ya watumwa, na Kageye kilikuwa kituo chao.

Mchukuzi wa Nzega

Mkuu, uzi mzuri, na nakushukuru kwa kuwataja wapagazi. Hata hivyo nina swali la dhati. Kwa nini tutembee tukihesabu tarehe za wapelelezi wa Kizungu kama Stanley na Speke? Wasukuma walikuwa wanalijua ziwa hili na kulivua karne nyingi kabla yao. Naogopa tusije tukajenga utalii wa ndani unaowafundisha watoto wetu kwamba nchi ilianza siku mgeni alipoiandika.

Nyanza Kwetu

Mkuu Mchukuzi, hoja yako ni ya haki na tuliizungumza sana njiani. Jibu langu ni kwamba tarehe zinatoka kwenye madaftari yao, lakini njia haikuwa yao. Kwa sehemu kubwa Stanley hakukata njia mpya kati ya Bagamoyo na Kageye. Alipita njia za wenyeji, aliongozwa na watu waliokuwa wanazijua, na alipokelewa Kageye na mtawala aliyemtaja kwa jina la Kaduma, ambaye tayari alikuwa na biashara na watu wa pwani na wa Ukerewe. Ninachokifanya mimi ni kutumia tarehe kama msumari wa kutundikia, halafu namwuliza mwenyeji wa leo: hapa palikuwa pa nani, waliokuwa wanavuka walivukia wapi, mtemi alikaa kilima kipi. Mara nyingi jibu linakuwa refu kuliko daftari la Stanley. Ndiyo maana nilisisitiza kuanzia Bujora. Mtu aliyeziona ngoma za watemi kwanza hawezi kufika Kageye akadhani pale palikuwa patupu.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba nichangie kuhusu mto wenyewe, kwa sababu Simiyu una kisa ambacho nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kwa miaka mingi. Stanley aliamini kwamba Simiyu ndio chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Alipokuwa akitoka Iramba alivuka mito kadhaa inayokwenda magharibi na kaskazini, na akadhani yote inakusanyika kuwa Simiyu mmoja mrefu sana. Kumbe mingi ya mito hiyo ni ya bonde la Wembere, ambalo maji yake hayafiki Nyanza kabisa, bali huingia ziwa Kitangiri na kutoka kwa mto Sibiti kwenda Eyasi, na huko yanaishia kwa kukauka juani. Simiyu wa kweli unaanzia upande wa Serengeti, unapokea mto Duma, unapita katika mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na kupewa jina lake, kisha unaingia kwenye Ghuba ya Speke katika wilaya ya Magu.

Kosa lile lina mafunzo kwa mtembeaji. Nchi ile ni tambarare kiasi kwamba mto wa kwenda Nyanza na mto wa kwenda Eyasi vinatenganishwa na mwinuko usioweza kuuona kwa jicho, hasa ukipita wakati wa mvua mbuga zote zinapokuwa zimefunikwa na maji. Chanzo cha mbali zaidi cha kusini kilikuja kuoneshwa mwaka 1937 na Mjerumani Burkhart Waldecker huko Rutovu, Burundi, kwenye mfumo wa mto Ruvubu unaoingia Kagera. Lakini maji ya Simiyu yanaingia Nyanza, na ya Nyanza yanatoka Jinja kwenda Nile, kwa hiyo mtu anayenywesha ng'ombe wake pale darajani bado anawanywesha maji yanayoelekea Misri.

Nyanza Kwetu

Mwalimu, nakushukuru sana. Kisa cha Wembere sikuwa nakijua kwa ukamilifu huo, nacho kinaeleza vizuri tulichokiona siku ya tatu.

Siku hiyo, baada ya kutoka Kageye na kufuata ufukwe mpaka upande wa Nyanguge, tulipanda gari kwa kipande kifupi cha lami, kwa sababu kutembea kando ya barabara kuu hakuna faida na ni hatari. Tulishukia kwenye daraja la Simiyu. Ilikuwa Julai na mto ulikuwa umepungua sana. Sehemu kubwa ya kitanda chake ilikuwa mchanga mweupe, na maji yalikuwa madimbwi marefu yaliyounganishwa na vijito vyembamba. Mwenyeji wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, alivua kandambili, akatembea katikati ya mchanga huo akiukanyaga polepole kama anayesikiliza, kisha akasimama na kuanza kuchimba kwa kipande cha kibuyu. Alichimba kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mchanga ukaanza kulowa, ukawa na rangi ya kahawia, kisha maji yakaanza kujikusanya chini, kwanza ya tope. Aliyachota na kuyamwaga mara tatu, na ya nne yakawa maangavu. Akatuambia kwamba watoto wa kizazi chake walijifunza kuchimba hivyo kabla ya kujifunza kusoma, na kwamba hapachimbwi mahali pa chini kabisa, bali pale mchanga wenye chembe kubwa unapokutana na ukingo wa nje wa kona. Maji ya mto mkavu yapo, ila yanatembea chini ya mchanga. Kwangu mimi hilo lilifafanua kwa nini misafara ya mamia ya watu iliweza kupita nchi hii wakati wa ukame: waliojua pa kuchimba walikuwa wenyeji.

Naomba msilichukulie hili kama ruhusa ya kunywa. Sisi tulichemsha, na nitaeleza sababu.

Kasia

Mkuu, sema tu wazi: kichocho. Mimi nafanya kazi kwenye mambo ya afya ya jamii hapa Mwanza na hili huwa linanisumbua ninapoona watu wanavua viatu na kuingia majini kupiga picha. Ufukwe wa Nyanza na milango ya mito yake ni sehemu zenye kichocho kingi. Vimelea wake wanatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembezoni, wanaingia kupitia ngozi, na si lazima unywe maji ili uambukizwe. Kusimama dakika chache kwenye maji yaliyotulia kunatosha. Kwa mtu ambaye ameshaingia, asingoje kuona damu kwenye mkojo au kwenye choo, bali aende kituo cha afya baada ya wiki kadhaa akapime, na dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu vizuri. Kwenye mto, vukeni kwenye daraja au kwa mtumbwi.

Nyanza Kwetu

Ahsante, Kasia. Nathibitisha kwamba hatukuingia majini, na kwenye mlango wa mto kuna sababu ya pili, nayo ni mamba na viboko. Siku ya nne tulishuka na ukingo wa mashariki mpaka mafunjo na matete yalipokuwa marefu kuliko mtu, na hapo mwenyeji wetu akasema mwisho ni hapa. Tulikodi mtumbwi kwa mvuvi na kwenda mbele taratibu, saa mbili asubuhi, mpaka tukaona mahali maji ya kahawia ya mto yanapokutana na maji ya kijani ya ziwa. Mstari wa kukutana ulikuwa unaonekana wazi kabisa, na furukombe wawili walikuwa wamekaa juu ya mti mkavu upande wa kulia. Mvuvi alituonyesha migongo ya viboko kama mita themanini mbele yetu, kisha akageuza mtumbwi bila kuulizwa. Mwenyeji anapogeuza mtumbwi, mshukuruni.

Mzee wa Ningu

Wanangu, nimesoma yote mliyoandika na nimefurahi. Mimi nilikulia pembeni ya Simiyu, na ningependa mjue alama moja ambayo hamkuiona kwa sababu mlikwenda kiangazi. Zamani, mvua za kwanza zilipojaza mto, samaki aitwaye ningu alikuwa akitoka ziwani kwa makundi na kupanda mto kwenda kutaga mayai kwenye mbuga zilizofurika. Tulikuwa tukiamshwa usiku na baba zetu, kwa sababu sauti ya maji kwenye kivuko ilikuwa inabadilika. Tulitega migono, yaani mitego ya samaki, na kupata samaki wa kugawa kijiji kizima. Kivuko ambacho mmekiona kama mchanga mtupu kilikuwa mahali pa watu kukutana, na ndoa nyingi zilizungumzwa pale. Siku hizi ningu ni wachache sana. Waliwekewa nyavu midomoni mwa mito kabla hawajataga, na sangara naye alipoletwa ziwani mambo yakabadilika. Mkienda tena, mwulizeni mwenyeji wenu awaonyeshe mahali pa migono. Mawe yaliyopangwa kuzuia maji bado yapo sehemu nyingine.

Nyanza Kwetu

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa maelezo haya, nayo yamenifanya nione kwamba nilipita juu ya jambo kubwa bila kulijua. Kwa kweli kuna mistari ya mawe tuliyoiona chini ya daraja, nasi tukadhani ni mabaki ya kivuko cha magari. Kwa idhini yako ningependa kukuandikia pembeni nikuulize zaidi.

Kigongo Kwetu

Wadau, msiusahau upande wa kusini. Mimi ni mwenyeji wa Misungwi, na kwa mtu anayependa mabonde na historia, ghuba ya Mwanza haina upungufu. Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, tarehe 9 Julai 1858 akimwacha Burton anaumwa. Alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wake njiani. Tarehe 30 Julai walifikia mkono wa maji ambao Speke aliuita Jordans, jina la nyumba ya kwao, wakaufuata kuelekea kaskazini ukipanuka siku hadi siku, mpaka tarehe 3 Agosti walipopanda kilima na kuliona ziwa likiwa wazi mbele yao. Kipimo cha kimo alichobakiwa nacho kilikuwa kipimajoto tu, hivyo alichemsha maji na kupima joto la kuchemka, kwa sababu kadiri unavyokuwa juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Akapata futi 3,740, ambazo ni kama mita 1,140. Kimo cha ziwa kinachotumika leo ni mita 1,134. Kila ninapopika chai ufukweni nalikumbuka hilo.

Ukifuata ghuba hiyo unapita Bukumbi, misheni ya Mapadre Weupe iliyoanza mwaka 1883, na kusini zaidi ndiko ilikokuwa Usambiro, mahali alipohamia mmisionari wa CMS Alexander Mackay baada ya kufukuzwa Buganda mwaka 1887. Stanley na Emin Pasha walimkuta hapo Agosti 1889, naye akafariki Februari 1890 kwa homa. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927. Na sasa juu ya ghuba hiyo hiyo kuna daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Sisi tuliokua tukisubiri kivuko saa nyingi, wakati mwingine na mgonjwa ndani ya gari, tunaelewa maana yake.

Binti Magu

Kigongo Kwetu, tafadhali fungua uzi wako wa upande huo, unastahili. Ndugu Nyanza Kwetu, swali la mwisho kutoka kwangu: ni wakati gani mzuri, na kuna kitu cha kuokota au kutookota? Nauliza kwa sababu mdogo wangu aliwahi kurudi na vigae vya chungu kutoka kilimani.

Nyanza Kwetu

Dada, miezi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwa miguu, kwa sababu mbuga zinapitika na mto unaonekana kitanda chake. Ukiweza kuanza Juni, panga upitie Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofanyika karibu na Sikukuu ya Ekaristi, ambapo makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanashindana, nawe utasikia ngoma zikiwa mikononi mwa watu badala ya kuziona zimewekwa ukutani. Lakini baada ya maelezo ya Mzee wa Ningu mimi binafsi nataka kurudi mvua za kwanza, angalau kusimama ukingoni tu.

Kuhusu vigae, shanga au kipande chochote cha kale, tafadhali viachwe vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kigae kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtaalamu chochote. Mdogo wako anaweza kuvirudisha kwa mwenyekiti wa kijiji alikovitoa, akaeleza alipoviokota. Sidhani kama kuna atakayemlaumu.

Mzee wa Ningu

Mwanangu Nyanza Kwetu, ukija mvua za kwanza usilale kijiji cha barabarani. Njoo upande wa juu, kwenye luseni, nitakuelekeza nyumba. Na uje na koti, kwa sababu kama ningu watapanda, watapanda usiku.